Kitovu Kilichokataa Kukauka

Ma Dativa alikuwa ametimiza wiki tisa katika nyumba ya mkwewe huko Brooklyn Center, na katika wiki hizo tisa hakuwahi kumwambia Evodius neno hata moja. Maneno yake yote yalipitia kwa Jairus, na Jairus alikuwa na umri wa wiki saba; kabla hajazaliwa yalipitia tumboni.

"Jairus," angesema bibi, akimpakata mjukuu huku ameupa mlango mgongo, "mwambie baba yako chai iko mezani, na asipokuja sasa hivi itaganda kama hiyo theluji yao."

"Jairus," angejibu Evodius kutoka chumbani, "mwambie bibi nakuja. Tena nashukuru sana."

Jairus angepiga mwayo, ishara kwamba ujumbe umepokelewa pande zote mbili.

Msidhani ulikuwa ugomvi. Ilikuwa adabu. Ma Dativa alilelewa Kamachumu, kwa Wahaya, katika nyumba ambayo mwanamume aliyeoa binti yako humtazami usoni, hukai naye kochi moja, na zaidi ya yote hamtajiani kitu chochote kilichoko kati ya kitovu na magoti. Evodius naye alilelewa hivyo hivyo, kilima cha pili. Miaka kumi na minne ya Minnesota ilikuwa imembadilisha mambo mengi, ikiwemo kula mahindi kwa uma, lakini hilo la mkwe lilikuwa limebaki palepale.

Na tatizo la Jairus lilikuwa mpakani hasa. Lilikuwa kitovuni.

Kitovu chenyewe kilikataa kukauka. Cha mtoto mwingine hudondoka wiki ya kwanza au ya pili. Cha Jairus kilining'inia mpaka ya nne, kama mpangaji aliyepewa notisi akajifanya hajui kusoma. Kilipodondoka, kikaacha tundu dogo jekundu lenye maji. Kila saa fulana ya mtoto ilikuwa imelowa tumboni. Ma Dativa alifua fulana kumi na moja kwa siku, akazitundika bafuni hadi mtu akienda kuoga anapita kama anayepenya shamba la migomba.

"Ni jasho," alimwambia binti yake, Imelda. "Nyumba yenu ina joto la tanuri."

Imelda aliamini, kwa kuwa alitaka kuamini. Alikuwa amerudi kazini kufundisha kemia kwenye sekondari moja ya Apple Valley, anaondoka kabla jua halijaamua kama litatoka. Kuogesha, kufuta, kubadilisha pampasi, vyote vilikuwa milki ya bibi. Hata siku ile walipompeleka kliniki kupimwa uzito, Ma Dativa alikuwa amemfuta, amempaka poda na kumfunga kitambaa tumboni muda mfupi kabla, na muuguzi alipofungua akakuta kitovu kikavu kama biskuti. Akasema kikianza kutoa maji wampigie.

Evodius, ambaye kampuni yake ya Golden Valley ilimruhusu kufanya kazi nyumbani, alishinda chumbani na kompyuta yake, hatua sita kutoka kwenye hizo fulana. Alijua si jasho. Lakini alikuwa na sababu ya kunyamaza, na sababu yenyewe ilikuwa ndani ya bahasha, kwenye mfuko wa ndani wa koti lake la baridi.

Kila aliyelelewa kwao anajua: kitovu cha mtoto wa kiume kisidondokee pale. Pale penyewe. Kikidondokea pale, mtoto akikua hatakuwa mwanamume wa kazi. Ndiyo maana Ma Dativa alikuwa ametoa amri, kupitia kwa Jairus mwenyewe, kwamba baba asiguse pampasi mpaka kitovu kidondoke salama. Alhamisi moja, bibi akiwa kwenye simu anasali rozari na wenzake wa jumuiya, Jairus alijichafua kwa kishindo. Evodius akaona aibu kumkatiza Bikira Maria. Akafungua pampasi mwenyewe, kwa vidole viwili, akishikilia pumzi. Na kitovu kilichokaa siku ishirini na saba bila kutikisika kikachagua dakika hiyo. Kikadondokea pale penyewe, kama kilichopimiwa kwa rula.

Alikitia kwenye bahasha, akafunga pampasi, akarudi kwenye kompyuta akitetemeka. Ana shahada ya uzamili ya takwimu. Alijua haiwezekani. Alitetemeka vilevile.

Tangu siku hiyo Ma Dativa alikitafuta kitovu. Alikusudia kukirudisha Kamachumu kikafukiwe chini ya mgomba, na sasa hakipo. Alipekua chini ya kochi. Alimwaga takataka za mashine ya kufagilia juu ya gazeti, akazichambua kama anayetoa mawe kwenye mchele.

"Jairus, muulize baba yako, hajakiona?"

"Jairus," alijibu Evodius, jasho likimtoka, na hilo lilikuwa jasho kweli, "mwambie bibi hapana."

*

Jumapili alikuja Makena, jirani wa ghorofa ya chini, Mkenya wa Meru aliyekuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Alimbeba Jairus dakika tano. Jairus akalia kidogo, na Makena akajitazama kifuani.

"Haki, huyu ameniloanisha."

"Jasho," alisema Ma Dativa upesi.

"Jasho, Mama? Jasho ya aina gani iko na harufu hivi?" Akaingiza kidole kwenye pampasi. "Na pampers ni kavu kabisa!"

"Mlete huku, anataka kulala."

"Ako macho tu, ananiangalia."

"Analala macho wazi. Wa kwetu ndivyo walivyo."

Makena alimfuata Evodius hadi mlangoni, akashusha sauti. "Baba Jairus, mimi hushinda na mikojo kutoka asubuhi hadi jioni, siwezi kosea. Huyo mtoto anakojoa kwa kitovu. Mpelekeni kesho."

Evodius alimngojea Imelda amalize kusahihisha mitihani. "Makena anasema ni mkojo."

"Mama anasema ni jasho. Si umuulize vizuri?"

"Mimi? Nimuulize mama yako habari za mkojo?"

"Evo, tuko mwaka gani?"

"Kwani wewe unaweza kumuuliza baba yangu?"

Imelda alifunika kalamu yake. "Kesho nikirudi nitamuuliza," alisema. "Tena nitamfungua mwenyewe nimwone. Weka miadi ya Jumanne."

*

Jumatatu, saa nane mchana, Evodius alikuwa kwenye kikao cha kompyuta na watu kumi na wanane, akieleza michoro yake, mlango ulipofunguliwa bila hodi.

"Evodius! Mtoto anaungua!"

Alidhani ni mtu mwingine. Sauti hiyo hakuwahi kuisikia ikitamka jina lake. Aligeuka akamwona mama mkwe wake amesimama katikati ya chumba, kitenge kimefunguka, macho yake yakimtazama usoni, na Jairus mikononi mwekundu, amelegea, hata kulia hataki. Watu kumi na wanane wa Golden Valley walimwona naye. Mmoja akapunga mkono.

Kipimo kilisoma 101.5, ambayo kwa hesabu za nyumbani ni kama thelathini na nane na nusu. Muuguzi wa simu alisikia namba hiyo na umri wa mtoto, akasema neno moja tu: sasa hivi.

Theluji ya Machi ilikuwa ikianguka ile nzito yenye maji. Evodius aliendesha akiwa amevaa viatu viwili visivyofanana. Ma Dativa alikaa nyuma pembeni ya kiti cha mtoto, ameshika mguu wa Jairus, anasali kwa Kihaya kwa kasi ya mnadi wa ng'ombe. Kwa Imelda simu haikupokelewa. Alikuwa maabara na wanafunzi thelathini na asidi. Katibu wa shule akapelekewa ujumbe. Imelda akatoka mbio na miwani ya maabara kichwani, akakwama kwenye barabara kuu ya 35W nyuma ya lori lililolala ubavu.

*

Daktari wa dharura alikuwa mama mrefu mwenye mvi, aliyeitwa Hagen. Walimvua Jairus, wakamtoa damu, wakamtundikia dripu kwenye kamkono kanene kama soseji. Daktari Hagen alikibonyeza kitovu taratibu. Maji yakachuruzika. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekutana na mtu anayemfahamu.

"Maji haya ni mkojo," alimwambia Evodius. "Sasa nisikilize vizuri. Nataka kujua jambo moja, nalo ni kubwa. Je, mkojo unatoka pia kwa njia ya kawaida? Na unaruka kwa nguvu, au unadondoka matone matone? Ikiwa njia ya mbele imeziba, figo zake ziko hatarini, na lazima nimwekee mrija leo hii."

Evodius alifungua mdomo. Hakujua. Wiki saba za uhai wa mwanawe na alikuwa amefungua pampasi mara moja tu, tena akiwa amefumba jicho moja.

"Anayejua ni mama mkwe wangu."

"Muulize basi."

"Siwezi."

"Hamna lugha moja?"

"Tunazo mbili."

"Mna ugomvi?"

"Hata kidogo. Tunaheshimiana mno."

"Huwa mnawasilianaje?"

Evodius alimnyooshea kidole mgonjwa.

Daktari Hagen alimtazama mgonjwa, akamtazama baba, akaagiza mkalimani. Ikaja skrini juu ya kigari cha magurudumu, na ndani yake akawa mwanamume Mkongo mwenye tai na uso mpana.

"Bonjour mama, bonjour papa. Miye ni Janvier, mkalimani wenu. Kila kitu mutasema nitatafsiri, sitaacha hata neno moja. Ni sheria ya kazi."

Ma Dativa alimpenda hapo hapo. Alikuwa na adabu, na hakuwa ameoa binti yake. Lakini alipoulizwa swali alikaza midomo, akatazama dari.

"Mwambie daktari," alisema hatimaye, "siwezi kusema hayo huyu baba akiwa hapa."

Janvier akatafsiri. Lakini daktari hakutaka baba aende mbali, kuna karatasi za kutia saini. Wakakubaliana aende nyuma ya pazia.

Evodius akaenda nyuma ya pazia. Ma Dativa akatazama chini.

"Miguu yake naiona," alisema Ma Dativa.

Pazia lilikuwa fupi. Evodius akavuta kiti, akakaa, akainua miguu yote miwili hewani, kiatu cheusi na kiatu cha kahawia, akayakumbatia magoti kama mtu aliyekimbia siafu. Muuguzi aliyepita upande wake alimtazama, akaharakisha hatua.

Sasa Ma Dativa akasema. Na alipoanza, akasema kama shahidi aliyengojea miezi mingi aitwe mahakamani.

"Mwambie daktari huko chini mkojo unatoka. Haudondoki. Unaruka! Jumatano iliyopita ulivuka ndoo ukagonga mlango. Na kitovuni unatoka pia, hasa akilia. Nimezaa saba, nimelea wajukuu kumi na wanne, mkojo nikiusikia naujua."

"Tangu lini?"

"Tangu kitovu kidondoke."

"Mbona hukumwambia mtu?"

Ma Dativa aliinamia mguu wa mjukuu. Hata Janvier aliinamisha kichwa.

"Ningemwambia nani, mwanangu? Binti yangu angepata hofu, maziwa yakauke. Huyo baba ni mkwe, nitaanzia wapi? Nikaogopa pia ukoo wake. Watasema mwanamke wetu ametuletea mtoto mwenye matundu mawili. Nikawa namfunga kitambaa, nabadilisha kila mara. Kama kitambaa ndicho kimemtia homa, mwambie daktari kosa ni langu. Binti yangu asiguswe."

Nyuma ya pazia, Evodius alikuwa bado ameinua miguu. Alimsikia yule mama akibeba lawama yote peke yake, na bahasha ikamchoma kifuani. Akaona aseme, lakini aseme kwa Kiingereza, ili daktari asikie na mkwe asisikie.

"Daktari," aliita kwa Kiingereza, "kosa si lake. Kitovu kilidondoka mikononi mwangu. Kilimdondokea kwenye... pale. Nikakificha. Kwetu inaaminika kwamba kikidondokea pale, mtoto anaharibika. Najua ni upuuzi. Nina shahada ya uzamili. Lakini tangu siku hiyo ndipo maji yalipoanza."

Alimaliza, akashusha pumzi. Kisha akasikia sauti ya Janvier, yenye utulivu na uaminifu wote wa kazi yake, ikianza kwa Kiswahili: "Mama, papa anasema, kosa haiko ya mama. Anasema kitovu kilianguka mu mikono yake. Anasema kilianguka pale, kwa kiume ya mtoto. Anasema alikificha..."

"Wewe!" alipiga kelele Evodius. "Hilo lilikuwa la daktari!"

"Papa, nilisema. Ni sheria ya kazi." Naye akamgeukia daktari, akamtafsiria na hayo.

Ma Dativa aliligeukia pazia.

"Janvier, baba," alisema, "mwambie huyo aliye nyuma ya pazia kwamba wiki tatu nimechambua vumbi la nyumba yake punje kwa punje. Mwambie nimemshuku panya. Nimemshuku Makena, Mungu anisamehe. Muulize kiko wapi."

Mkono ulitokeza pembeni ya pazia, umeshika bahasha yenye nembo ya kampuni. Ma Dativa aliipokea, akachungulia ndani, akaisukuma ndani ya kifua cha gauni lake.

"Mwambie ashushe miguu," alisema. "Atapata ganzi."

Daktari Hagen aliwangoja wamalize, akatoka kidogo. Aliporudi na mashine ya kupigia picha, akaipitisha juu ya tumbo dogo na kuwaonyesha wote kwenye kioo, na Evodius akaitwa atoke mafichoni. Mtoto akiwa tumboni mwa mama, alieleza daktari, kuna mrija mwembamba kutoka kibofuni hadi kwenye kitovu. Kwa kawaida hujifunga kabla hajazaliwa. Wa Jairus ulibaki wazi. Ndiyo maana kitovu kilichelewa kudondoka, ndiyo maana kinavuja, na vijidudu vimepanda kwa njia hiyo hiyo. Figo zilionekana nzuri. Mrija wa haraka hauhitajiki, kwa sababu bibi ameeleza vizuri kuliko picha. Dawa ya mshipani sasa; homa na uchafu vikiisha, wapasuaji wataufunga huo mrija wa kitovuni.

"Na pale kilipodondokea?" aliuliza Evodius, kwa sauti ya chini sana.

"Kingeweza kudondokea kwenye supu," alisema daktari, "isingebadilisha kitu. Ila kitovu kinachotoa maji hakifungwi kitambaa. Kinaletwa hapa. Hilo mlishike, wote wawili."

Janvier alitafsiri, na supu ikiwemo. Wote wawili waliitikia kwa pamoja, wakitazama sakafu.

Ndipo Imelda akaingia, theluji mabegani, miwani ya maabara ingali kichwani. Alimwona mwanawe na dripu, mama yake akilia bila sauti, mumewe na viatu viwili tofauti, na Mkongo kwenye skrini akimuaga kila mtu.

"Nani atanieleza?" aliuliza.

Mama yake na mumewe wakamnyooshea kidole Jairus.

*

Upasuaji ulifanywa mwezi wa Mei, ukachukua muda mfupi kuliko Evodius alivyochukua kutafuta maegesho. Jairus alitoka na mshono mdogo chini ya kitovu na mrija wa kukojolea kwa siku chache. Asubuhi ya tatu wakautoa. Sasa, alisema muuguzi, lazima akojoe mwenyewe, kwa njia ya mbele, kabla ya saa kumi. Asipokojoa, mrija unarudi, na daktari atalazimika kumrudisha chumba cha picha kutafuta kilichoziba.

Saa nne, hakuna. Saa sita, hakuna. Jairus alinyonya, akalala, akaamka, akacheka na balbu. Imelda alifungulia bomba la maji. Evodius alipiga mluzi. Muuguzi alileta pampasi ya kupimia kwenye mizani, lakini Ma Dativa alikataa isivalishwe.

"Siamini mizani. Nataka kuona."

Saa tisa Imelda alifunga bomba. Alikaa ukingoni mwa kitanda akisokota nyuzi za shuka, na Evodius alimwona akihesabu kwa midomo kimyakimya, kama afanyavyo anapongoja kemikali ibadilike rangi. Wapasuaji walipita mlangoni, wakatazama saa, wakaendelea.

Wakabaki wanne wamekizunguka kitanda: mama, baba, muuguzi na bibi, vichwa vimeinama, macho yote mahali pamoja. Bega la Ma Dativa liligusa bega la mkwewe na hakulisogeza. Mahali pale ambapo hapatajwi palitazamwa siku hiyo kwa bidii ambayo hata mwezi wa Ramadhani hautazamwi nayo.

Saa tisa na dakika arobaini Jairus alikunja uso. Akanyamaza. Kisha mkojo ukaruka juu, ukajipinda hewani kama upinde, ukampata baba yake kidevuni, ukashuka kwenye tai, ukavuka, ukamalizia kwenye karatasi za muuguzi. Kitovu kilibaki kikavu.

Ma Dativa alipiga vigelegele. Vilikuwa vya Kamachumu, vya kutoka kilima hadi kilima, na kwenye korido ya hospitali vilifika mbali zaidi. Milango ilifunguliwa. Walinzi wawili walikuja mbio, na nyuma yao mpishi mwenye kofia. Imelda alikuwa amekaa sakafuni, analia na kucheka pamoja.

Muuguzi alipangusa karatasi zake, akatoa kalamu. Alitakiwa kujaza kiasi, lakini pampasi haikuwepo, na mkojo wenyewe ulikuwa umegawanyika kati ya kidevu, tai, na karatasi zenyewe. Aliwatazama mmoja mmoja, akauliza kwa Kiingereza.

"Anauliza nini?" alisema Ma Dativa.

"Anauliza ni kiasi gani, Mama," alijibu Evodius.

Ma Dativa alimtazama mkwewe juu hadi chini, tai inavyotona.

"Mwambie aandike: mwingi."

Naye Evodius akamwambia, kama alivyotumwa, na muuguzi akaandika.